Chembe, Seli, Kiungo na Ogani: Ngazi za Mwili wa Kiumbe Hai na Istilahi Zake

Miongoni mwa maandiko yaliyoletwa mezani petu ili tuyapitie kabla ya kupigwa chapa, kulikuwamo kijitabu kimoja kilichokusudiwa wazazi wenye watoto wagonjwa wa selimundu. Kilikuwa kimetafsiriwa kwa bidii na kwa Kiswahili chepesi, wala hatukuwa na nia ya kukitafutia kasoro. Lakini katika ukurasa wa pili tulikuta sentensi hii: "Chembe za mtoto zikiharibika, viungo vyake navyo huharibika, na mtoto huumwa na viungo." Tuliisoma mara ya kwanza tukaipita. Tulipoirudia tuliona kwamba neno viungo limetumika mara mbili kwa maana mbili, na kwamba neno chembe halikuelezwa ni chembe za nini. Tukawapa watu watatu wasiohusika na kazi yetu waisome. Wa kwanza alisema kwamba viungo ni mikono na miguu. Wa pili alisema ni magoti, viwiko na vifundo. Wa tatu, ambaye aliwahi kufanya kazi ya uuguzi, alisema ni ini, figo na wengu. Mfasiri alikuwa amekusudia maana ya tatu hapo kati, na maana ya pili hapo mwisho.

Kosa la namna hii si la urembo wa lugha. Wengu wa mtoto mwenye selimundu waweza kuvimba ghafla, damu nyingi ikajikusanya humo kwa muda wa saa chache, na maisha yake yakawa hatarini. Ndiyo maana wazazi hufundishwa kulipapasa tumbo la mtoto upande wa kushoto, chini ya mbavu. Mzazi aliyesoma kwamba "viungo" ndivyo vinavyoharibika, naye akafahamu magoti na viwiko, atalikanda goti na kulisahau tumbo.

Katika makala haya tunakusudia kueleza ngazi ambazo kwazo wataalamu huugawa mpangilio wa mwili wa kiumbe hai, kisha tuzipime istilahi zinazotumiwa kwa kila ngazi. Rai yetu ni kwamba istilahi hizi hazisimami moja moja. Ni safu, na kila moja hupata maana yake kwa kutofautiana na iliyo chini yake na iliyo juu yake. Mfasiri akiibadili moja ameigusa safu nzima, hata kama hakukusudia.

Maana ya ngazi

Neno ngazi tunalo tangu zamani. Ni ngazi ya kupandia darini, na ni ngazi ya utawala: kata, tarafa, wilaya, mkoa. Watumishi wa serikali wanaosoma makala haya wataipata maana hii ya pili upesi, lakini hapana budi tuwatahadharishe. Katika utawala, amri hushuka kutoka ngazi ya juu. Katika mwili, ngazi ya juu imejengwa kwa vitu vya ngazi ya chini, kama ukuta ulivyojengwa kwa matofali, nayo ina uwezo ambao tofali moja halina. Baadhi ya waandishi wametumia hatua, na wengine daraja. Hatua huleta fikira ya wakati, kana kwamba mwili hutoka kitu kimoja ukawa kingine. Daraja huleta fikira ya cheo, kana kwamba moyo umepandishwa cheo kuliko seli zake. Kwa maoni yetu ngazi yafaa zaidi.

Chini kabisa, kwa kadiri inavyoihusu bayolojia, kuna atomi zilizoungana kuwa molekuli: maji, sukari, mafuta, protini. Molekuli haina uhai. Molekuli nyingi zikipangika ndani ya utando, zikaweza kupokea chakula, kutoa taka, kukua na kujigawa, hapo tumefika kwenye seli, ambayo ndiyo ngazi ya kwanza yenye uhai. Seli zinazofanana zikishirikiana katika kazi moja hufanya tishu. Tishu za namna mbalimbali zikiungana kuwa kitu kimoja chenye umbo lake na kazi yake hufanya ogani. Ogani kadhaa zikisaidiana hufanya mfumo, na mifumo yote pamoja ni kiumbe hai. Si kila kiumbe hufika ngazi zote. Kimelea cha malaria ni seli moja tu, na seli hiyo ndiyo kiumbe kizima. Sponji wa baharini, ambaye hufugwa huko Jambiani, Unguja, ana seli za namna kadhaa lakini hana ogani hata moja. Mhogo unazo ogani: mzizi, shina na jani. Jambo hili la mhogo huwashangaza wanafunzi, kwa kuwa wamezoea kudhani kwamba ogani ni za wanyama peke yao.

Tuchukue moyo kwa mfano. Seli moja ya msuli wa moyo, ikitengwa na kuwekwa katika majimaji yanayoifaa, yaweza kuendelea kupigapiga peke yake. Lakini haisukumi kitu. Seli nyingi za namna hiyo zilizoshikamana kuwa tishu hujikunja kwa pamoja, nazo bado hazisukumi damu ikiwa hapana vyumba vya kuipokea wala vali za kuizuia isirudi nyuma. Moyo mzima husukuma. Lakini pasipo mishipa damu haifiki popote. Kila ngazi huongeza jambo ambalo halikuwapo katika ngazi iliyo chini yake, na jambo hilo ndilo istilahi inalopaswa kulitaja. Ukubwa haufai kuwa kipimo. Kuna seli za neva ambazo uzi wake hutoka kwenye uti wa mgongo hadi mguuni, na kwa mtu mrefu urefu wake hufikia mita moja au kupita. Na kuna wadudu ambao ogani zao hazionekani bila hadubini.

Chembe au seli?

Chembe ni neno zuri la asili. Ni punje, ni kitu kidogo kabisa: chembe ya mchanga, chembe ya chumvi, hana hata chembe ya huruma. Kwa sababu ya udogo huo, waandishi wa sayansi wamelikimbilia kila walipokutana na kitu kisichoonekana kwa macho. Mwalimu wa fizikia husema elektroni ni chembe. Mwalimu wa kemia husema maada imefanywa kwa chembe, akikusudia atomi na molekuli. Mwandishi wa afya husema chembe nyekundu na chembe nyeupe za damu. Mwenzake wa kilimo, akieleza mbegu bora, husema chembe za urithi akikusudia jeni. Ngazi zote hizo zimebebeshwa neno moja. Mwanafunzi aliyeambiwa asubuhi kwamba chuma kimefanywa kwa chembe, na mchana akaambiwa kwamba mwili umefanywa kwa chembe, ana haki ya kuuliza kama chuma nacho ki hai.

Wapo waliojaribu kuliponya neno hili kwa kuliongezea sifa, wakasema chembe hai. Jaribio hilo halikuwa baya, na katika vitabu vingi bado limo. Lakini kuna seli zilizokufa. Gome la nje la mti, tabaka la juu la ngozi, nywele na kucha ni seli ambazo uhai wake umekwisha, nazo bado zinafanya kazi ya kuukinga mwili. Tutaziitaje? "Chembe hai zilizokufa" ni maneno yanayopigana yenyewe kwa yenyewe.

Isitoshe, seli za kwanza kuonwa na mwanadamu zilikuwa zimekufa. Robert Hooke wa Uingereza, katika kitabu alichokitoa mwaka 1665, alieleza jinsi alivyokata kipande chembamba cha gome litengenezewalo vizibo vya chupa, akakitia chini ya hadubini, akaona vijumba vitupu vilivyopangana kama vya sega la nyuki. Akaviita kwa neno lililotokana na Kilatini, cella, yaani chumba kidogo kama kile cha mtawa. Alichokiona ni kuta tu. Wenye nyumba walikuwa wamekwisha kuhama. Ilipita miaka zaidi ya 170 ndipo Wajerumani wawili, Matthias Schleiden mwaka 1838 kwa upande wa mimea, na Theodor Schwann mwaka 1839 kwa upande wa wanyama, walipotangaza kwamba viumbe vimejengwa kwa vyumba hivyo. Katika miaka ya 1850 Rudolf Virchow akaieneza kauli kwamba kila seli hutokana na seli nyingine iliyoitangulia.

Kwa hiyo fikira iliyomo ndani ya neno seli ni ya chumba, nayo ni tofauti kabisa na fikira ya punje. Punje ni ngumu na nzima hadi ndani. Chumba kina mipaka, kina nafasi, kina mlango wa kuingiza na kutoa, na ndani yake mna vyombo: kiini, mitokondria, ribosomu. Mwanafunzi mwenye picha ya punje kichwani hataelewa kwa urahisi jinsi sukari inavyoingia ndani ya seli na taka inavyotoka. Seli, kwa kuwa ni neno la mkopo, halimletei picha yoyote. Na katika hali hii ni heri kukosa picha kuliko kuwa na picha ya uongo. Tena halikutuchanganya na mengine. Neno lilelile la Kilatini lilitufikia kwa mlango mwingine likawa selo, chumba cha mahabusu. Na TANU ilipoanzisha mpango wa nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, kile ambacho wageni walikiita kwa neno lao la seli, sisi tulikiita shina. Lugha yetu imetenganisha mambo ambayo lugha nyingine imeyarundika mahali pamoja.

Hatusemi kwamba chembe lifukuzwe. Libaki katika fizikia na kemia, ambako linafaa sana. Katika maandiko ya afya yaliyokusudiwa umma, ambako watu wamekwisha kuzoea chembe nyekundu za damu, mfasiri aweza kuliacha, mradi aseme mara moja, mwanzoni, kwamba chembe hizo ni seli. Mgonjwa hasahihishwi Kiswahili chake hospitalini.

Hapa tuongeze neno juu ya kiini. Kiini cha seli ni istilahi nzuri na imekubalika. Hatari yake ipo kwenye yai. Walimu wengi hupenda kulitumia yai la kuku kama mfano wa seli: wanalivunja katika sahani, wanaonyesha sehemu ya manjano, na kusema kwamba hicho ndicho kiini. Sivyo. Katika yai lisilorutubishwa, sehemu yote ile ya manjano ni seli moja kubwa mno iliyojazwa akiba ya chakula, na kiini chake kimo ndani ya doa dogo jeupe lililo juu ya ile manjano, ambalo mtu asiyeambiwa hulipita. Jina moja limebeba vitu viwili, na kimoja kimo ndani ya kingine. Tunawashauri walimu waseme kiini cha yai na kiini cha seli kwa ukamilifu kila mara, hata kama sentensi itarefuka.

Tishu, na kwa nini si neno la kufuma

Mara kwa mara tunaulizwa kwa nini tishu halikutafutiwa neno la asili. Swali hili ni la haki. Aliyeifanya tishu kuwa ngazi ya pekee katika elimu ya mwili ni tabibu Mfaransa, Xavier Bichat, ambaye mwaka 1801, pasipo kutumia hadubini, alizitambua tishu za namna 21 kwa kuzikata, kuzichemsha, kuzikausha na kuziozesha. Neno la Kifaransa alilolitumia, tissu, maana yake ni kitu kilichofumwa. Sasa sisi nasi tuna kitenzi kufuma, nacho kimekwisha kutupa jina mfumo, ambalo mwanzoni ni namna nguo au mkeka ulivyofumwa. Lakini mfumo tumelipeleka ngazi mbili juu: mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, mfumo wa upumuaji, mfumo wa neva. Wafaransa walipoitazama nyama ya mwili waliona mfumo wa nguo. Sisi tuliuona mfumo huo katika ushirikiano wa ogani. Laiti tungelichonga neno jipya la tishu kutokana na kufuma, lingegongana na mfumo katika safu hiyohiyo. Hapa mkopo umetuokoa, ingawa siku hizi tishu ni pia ile karatasi laini ya kupangusia mikono. Karatasi hiyo na istilahi yetu ni watoto wa mama mmoja, wala hatujamwona mwanafunzi aliyezichanganya.

Wapo wanaosema nyama. Nyama ya buchani ni msuli pamoja na mafuta na mishipa, yaani ni tishu kadhaa kwa mpigo, na mfupa, ambao nao ni tishu, huachwa nje ya maana hiyo. Damu pia ni tishu: ni seli zilizomo katika majimaji badala ya kushikamana. Ukisema damu ni nyama, utachekwa.

Kiungo na ogani

Hapa ndipo penye matata makubwa, nasi tutakaa kidogo.

Kiungo latokana na kuunga. Maana yake ya kwanza ni kile kinachounga, yaani mahali mifupa miwili inapokutana. Kutoka hapo limeenea kwenye mkono na mguu, kisha kwenye sehemu yoyote ya mwili. Kuunga mchuzi kumetupa viungo vya pilau. Katika kandanda, mchezaji wa kiungo ni yule anayeunganisha walinzi na washambuliaji, na matumizi hayo ni ya ustadi kwa kuwa yamelifuata shina la neno. Ogani, kwa upande wake, hailengi kuunga. Asili yake ni neno la Kiyunani, organon, yaani chombo cha kufanyia kazi. Ini ni chombo: husafisha, hutengeneza, huweka akiba. Goti ni mahali pa kukutania. Kuviita vyote viwili kiungo ni kuita jembe na bawaba kwa jina moja.

Tunajua kwamba kiungo kwa maana ya ogani limo katika maandiko mengi, ya serikali na ya vyombo vya habari, na kwamba watu husema upandikizaji wa viungo bila kumpotosha mtu, maana hakuna adhaniaye kwamba amepandikizwa bizari. Muktadha huokoa mara nyingi. Lakini hauokoi katika maandiko ambamo maana mbili zinakutana katika ukurasa mmoja, na magonjwa mengi yana tabia hiyo. Selimundu huumiza mifupa na maungio, na huharibu wengu, figo, mapafu na ubongo. Kuna magonjwa mengine mengi yanayovimbisha maungio na pia kudhuru moyo au figo. Katika maandiko kama hayo tunapendekeza ogani kwa chombo, na kiungo kwa mahali mifupa inapokutana, au maungio ya mifupa kwa mfasiri apendaye kuwa wazi zaidi.

Tumepingwa kwamba ogani ni neno geni na mkulima hatalielewa. Huenda hatalielewa siku ya kwanza. Lakini neno geni humfanya msomaji aulize. Neno alilolizoea kwa maana nyingine humfanya asiulize. Tena, katika maandiko ya umma, mara nyingi hakuna haja ya jina la ngazi. Sema ini, sema figo, sema wengu. Jina la ngazi lina kazi darasani na katika vitabu, ambako mtu anazungumzia ogani zote kwa pamoja. Mfasiri mwema huipima haja hiyo kabla ya kuifungua kamusi.

Wengine hulitetea neno ogani, na hata seli na tishu, kwa hoja kwamba mwanafunzi aliyesoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kama ilivyoamuliwa nchini Tanzania mwaka 1967, atayakuta maneno yanayofanana na hayo atakapoanza kusoma sayansi kwa Kiingereza katika sekondari. Hoja hii ina faida yake ndogo, lakini sisi hatuitegemei. Istilahi ya Kiswahili yapasa kusimama kwa sababu inaeleweka na inatenganisha mambo ndani ya Kiswahili chenyewe, si kwa sababu ni daraja la kuvukia kwenda lugha nyingine. Mfumo limetokana na kufuma, halifanani na neno lolote la kigeni, na halijamkwamisha mwanafunzi yeyote. Juu ya mfumo hatuna mengi ya kusema: hudumu salama kwa kuwa daima hufuatwa na kitu chake, mfumo wa hiki au wa kile.

Safu nzima katika ugonjwa mmoja

Njia bora ya kuipima safu ya istilahi ni kuipitisha katika habari moja inayogusa ngazi zote. Selimundu ni habari ya namna hiyo.

Tuanze na molekuli. Ndani ya kila seli nyekundu ya damu mna molekuli za hemoglobini zipatazo milioni 270, ambazo kazi yake ni kubeba oksijeni. Kila molekuli ina minyororo minne ya asidi amino, na miwili kati yake ina asidi amino 146 kila mmoja. Katika ugonjwa huu asidi amino moja tu, iliyo ya sita katika mnyororo huo, imebadilishwa: mahali pa asidi glutamiki pamekaa valini. Linus Pauling na wenzake walionyesha nchini Marekani mwaka 1949 kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti, wakauita ugonjwa wa molekuli. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, aliitambua asidi amino yenyewe iliyobadilika.

Sasa tupande kwenye seli. Molekuli hizo zikiisha kutoa oksijeni hugandamana kuwa nyuzi ndefu ngumu, na seli iliyokuwa laini na ya mviringo hupinda kama mundu. James Herrick wa Chicago alichapisha habari za seli za umbo hilo mwaka 1910, alipokuwa hajui lolote juu ya molekuli zake. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Iliyopinda huishi siku kumi hadi ishirini tu. Katika ngazi ya tishu, basi, damu hupungukiwa na seli zake upesi kuliko uboho unavyoweza kuzirudisha, na mtoto huwa mweupe wa viganja na mchovu. Seli ngumu hukwama katika mishipa myembamba, na hapo ogani hudhurika: mfupa ulionyimwa damu huuma vikali, ubongo huweza kupata kiharusi, na wengu, baada ya kuziba mara nyingi, husinyaa na kuacha kazi yake. Wengu ukishaacha kazi, mfumo wa kinga ya mwili umepoteza askari, na bakteria wa nimonia humwingia mtoto kwa urahisi. Ndiyo sababu watoto hawa hupewa penisilini hata wakiwa hawaumwi.

Jina selimundu lenyewe limetungwa vizuri. Nusu ni mkopo, nusu ni kifaa ambacho kila mkulima anakijua, na limeiweka alama ya ugonjwa katika ngazi yake sahihi, yaani seli. Jaribu kusema chembemundu uone. Mtu angeweza kufikiri ni molekuli iliyopinda, au jeni. Na kwa kuwa jeni na molekuli navyo vimo katika habari hii, asingekosea kwa ujinga bali kwa kuongozwa vibaya na neno.

Habari haikomi kwenye kiumbe mmoja. Mtoto huugua akirithi jeni iliyobadilika kutoka kwa wazazi wote wawili. Wazazi wawili wenye jeni moja moja, ambao wao wenyewe kwa kawaida hawaugui, kila wanapozaa pana nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mgonjwa. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kufanya uchunguzi wake Afrika Mashariki, alionyesha kwamba wenye jeni moja hupata kinga dhidi ya malaria kali, na kwamba jeni hiyo imeenea zaidi katika sehemu zenye malaria nyingi. Katika baadhi ya makabila ya eneo hili aliikuta kwa karibu watu wanne katika kila kumi. Hapa tumefika ngazi iliyo juu ya kiumbe: viumbe wa spishi moja wanaoishi mahali pamoja na kuzaliana. Tunakiri kwamba istilahi ya ngazi hii bado inatusumbua. Idadi limezoeleka katika hesabu ya watu, lakini idadi ni tarakimu, na tarakimu haizaani. Jamii limechukuliwa na elimu ya jamii. Kwa sasa tunawashauri wafasiri waandike kundi la spishi moja, na watuletee maoni yao.

Jambo dogo la tahajia: kamusi sanifu iliyotolewa mwaka 1990 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliandika biolojia katika jina lake. Sisi tumeandika bayolojia kwa kuwa ndivyo inavyosikika shuleni. Yeyote aandikaye ile ya kwanza hatumhesabii kosa, mradi asizichanganye zote mbili katika kitabu kimoja.

Kile kijitabu cha wazazi tulikirudisha kwa mfasiri pamoja na pendekezo la sentensi yake: "Seli nyekundu za damu ya mtoto zikipinda, hukwama katika mishipa myembamba, wengu, figo na mapafu huweza kudhurika, na mtoto huumwa na mifupa na maungio." Imekuwa ndefu kuliko ile ya kwanza. Aliikubali, ila aliuliza kama wasomaji wake wote wanalijua neno wengu, kwa kuwa kwao husema bandama. Tulimjibu kwamba aandike yote mawili pale linapotokea mara ya kwanza, na kando yake achorwe mtoto aliyelala chali, na mkono wa mama upande wa kushoto, chini ya mbavu.